UZI: Watu wanane, vyumba vitatu, maji ya bido. Nguo chafu kwenu zinakaa wapi?

#1 Mama wa Katoyi

Jambo wana Goma, hapa mashariki mwa Kongo, na ninyi mlio mbali. Leo sileti siasa wala bei ya dola. Naleta rundo la nguo chafu, na atakayecheka akumbuke kwamba kwake pia liko, nyuma ya mlango.

Tuko wanane: mimi, baba watoto, watoto watano, na mama mkwe aliyetufikia kutoka Masisi. Nyumba ni ya mbao, imekaa juu ya mawe ya volkano kama nyumba nyingi za huku mtaani Katoyi. Maji tunanunua kwa bido, yaani dumu, ya lita 20, na wiki ambayo bomba limekauka wabeba maji wanakuwa wafalme. Kwa hiyo kufua kwetu (sisi tunasema kufula, nitachanganya, mnivumilie) si suala la mikono. Mikono ipo. Kinachokosekana ni maji.

Miaka yote nguo ziliingia katika mfuko mmoja mkubwa wa plastiki, ule wa mistari wenye zipu ambao watu husafiria. Mtu anavua, anasukumia humo, anafunga zipu harufu isitoke. Ile zipu ndiyo iliyotuumiza. Mvua za mwezi wa kumi na moja, mtoto wangu wa tatu alirudi kutoka shule amelowa chapa, akavua shati jeupe akalizika chini kabisa ya mfuko. Nililikuta Jumamosi. Mgongo mzima una vidoadoa vyeusi kama limemwagiwa pilipili manga. Ukungu. Nilisugua kwa sabuni ya kipande, nikaloweka kwenye javeli (ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo), vikafifia lakini havikutoka. Na alikuwa na mashati mawili tu. Mnajua sare ya nchi yetu, nyeupe juu na buluu chini, na mwalimu haulizi mvua ilinyesha saa ngapi, anaangalia kola.

Wiki mbili hazijapita, kikwembe (kitenge) kipya cha mama mkwe, chekundu, kikalala humo na unyevu wake juu ya shuka yetu ya rangi ya maziwa. Hata sijagusa maji, rangi ilishahama yenyewe usiku. Mama mkwe hakusema neno. Mnaujua ukimya wa mama mkwe.

Nikaketi nikafikiri. Watu wanaoandika mambo ya nyumba wanakuambia tenga nyeupe, tenga za rangi, tenga nyeusi. Hiyo ni hesabu ya mwenye mashine na bomba, ambaye kila fungu linapata maji yake. Mimi Jumamosi nina bido sita, saba nikijinyima, na maji yaleyale lazima yapite kwenye nguo nyingi. Basi nikaacha kuuliza nguo hii ina rangi gani. Nauliza itaingia kwenye maji ya ngapi.

Sasa nina vitunga vitatu, vile vya kusukwa vya kubebea mboga, vyenye matundu ili hewa ipite. Viwili vinaning'inia kwa kamba kwenye boriti kwa sababu sakafuni hakuna nafasi, na kwa sababu ya panya. Panya wa Katoyi hali nguo, anakula uji uliomwagikia nguo, ila nguo inakwenda naye. Kitunga cha kwanza ni cha maji ya kwanza: mashati ya shule, nyeupe za kanisani, shuka hafifu. Cha pili kinapokea maji yaliyotoka kwa cha kwanza, na humo kuna blauzi, magauni, vikwembe vilivyokwisha kutoa rangi yao. Cha tatu ni jinzi, soksi, nguo za kuchezea kwenye mawe. Maji yakifika hapo ni meusi kama kahawa, na baada ya hapo yanasugua sakafu ya choo. Hakuna tone linalotupwa bure.

Na nguo inachagua kitunga chake jioni inapovuliwa, si Jumamosi asubuhi. Mtoto wa miaka minne ameshajua. Nimefunga utepe mweupe, wa kijani na mweusi, maana vibandiko vya kusoma ni vya watu wanaosoma.

Nje kwenye baraza kuna misumari mitano. Chochote kilicholowa, kwa mvua, jasho au uji, kinatundikwa pale kwanza. Hakiingii kitungani mpaka kikauke. Hiyo ndiyo sheria ninayoipigania kama mwendawazimu.

Ninachotaka kwenu: nguo za ndani mnazifanyaje? Na nepi za vitambaa? Na nguo ya mtu anayerudi amejaa oili ya pikipiki?

#2 Motari wa Ndosho

Mama, hiyo ya oili ni mimi kabisa, kama vile mke wangu ndiye ameandika. Ila nina yangu kabla ya oili. MIFUKO. Mwaka jana noti yangu ya dola 20 iliogeshwa, ikapigwa juu ya jiwe, ikaanikwa ndani ya suruali. Ilitoka imepauka na kona imechanika kidogo, kidogo kama kucha. Nilizunguka Birere kwa wakambisti wote, wale wabadilisha pesa. Mmoja aliishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Mnajua hapa kwetu dola ikichanika hata milimita moja haipokelewi, au inapokelewa kwa nusu. Franki ingekuwa na huruma zaidi.

Tangu hapo mimi mwenyewe nageuza mifuko nje ninapovua. Ukikuta suruali yangu mifuko imening'inia nje kama masikio ya mbuzi, ujue imekaguliwa.

#3 Yaya wa Birere

Mama Katoyi, weye uko tajiri, vitunga bitatu! Siye tuko mu chumba kimoja, batu sita. Minaweka nguo yote mu bido kubwa yenye tulikata juu, minatoboa mashimo ku pembeni na msumari wa moto, minaitia ku nje chini ya manjanja (mabati). Bile binalowa minaanika ku kamba. Ni ile tu. Lakini ile ya tepe, nitaiiba. Asanti.

#4 Mwanafunzi wa Kemia

Mama, mpango wa foleni ya maji ni mzuri, ila kuna jambo la Goma ambalo wengi hawalijui na linahusu hicho kitunga cha kwanza.

Maji ya bomba hapa yanavutwa kutoka ziwa Kivu, na ya bido mengi pia ni ya ziwa. Maji ya Kivu ni ya kibesi, yaani kinyume cha asidi, pH yake inakaribia 9, na yana magnesiamu nyingi iliyotoka kwenye miamba ya volkano. Sabuni ya kipande ikikutana na magnesiamu haitoi povu mpaka magnesiamu yote imekwisha kuishika, na ile iliyoshikwa inakuwa utando wa kijivu unaolala kwenye nyuzi. Ndiyo maana mashati meupe ya Goma yanazeeka mapema kuliko mengine. Watu wanasema mtoto hajui kufua. Mtoto anajua, maji ndiyo magumu.

Sabuni ya unga inavumilia maji magumu kuliko ya kipande. Kwa hiyo unga uende kwenye maji ya kwanza, ya nyeupe. Kipande kibaki cha kusugua kola na madoa. Na kama unakinga mvua, usiyamalizie kwenye kufua, yaweke ya kusuuzia nyeupe. Maji ya mvua ni laini, hayaongezi utando.

#5 Mama wa Katoyi

Mwanafunzi, umenieleza kitu ambacho nilikuwa nakilaumu kwa binti yangu miaka miwili. Jioni hii nitamwomba msamaha, ila nusu tu, maana soksi bado anazisahau chini ya kitanda.

#6 Bibi wa Himbi

Mvua, ndiyo, lakini angalieni mabati. Moshi wa volkano yetu, Nyiragongo, unatia asidi katika mvua yetu, mabati yanakula kutu upesi kuliko kwa jirani zetu. Maji ya paa lenye kutu yakikaa kwenye shati jeupe yanaacha doa la rangi ya chungwa, na hapo watu wanakimbilia javeli. Kosa kubwa! Javeli inalikaza lile doa la kutu, halitoki tena. Kutu inataka limau na chumvi, halafu jua. Unakamulia limau, unanyunyizia chumvi, unaliacha juani mpaka likauke, unasuuza. Rudia kama bado.

Na tafadhali, nasema kama mama yenu: limau na javeli visikutane katika basini moja, hata kwa bahati mbaya. Vinatoa gesi ya kuua pumzi. Suuza kabisa kimoja kabla ya kingine.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachieni ioshe paa kwanza, musiikinge.

#7 Mwana wa Lubum

Nawasoma kutoka Lubumbashi na naona mna matatizo ya watu wa mvua. Kwetu kiangazi kinaanza mwezi wa tano kinakwenda mpaka wa tisa, shati linakauka kabla hujamaliza kulitundika. Ukungu siujui. Sisi adui ni vumbi jekundu. Gunia moja linatosha, kila kitu kimekwisha kuwa chekundu, unapanga nini?

#8 Dada wa Kadutu

Ha! Mwana wa Lubum, wewe una vumbi, sisi Bukavu tuna udongo wenyewe. Mtoto anateleza mara moja kwenye mteremko wa Kadutu na suruali imekwisha. Mchanga mweusi wa Goma mnajivunia bure, huo ukikauka unakung'uta unaanguka. Udongo mwekundu una chuma ndani, unang'ang'ania.

Siri ya mama yangu: tope lisiguswe likiwa bichi. Watu wanaona tope, wanamwaga maji, wanasugua, wanalisukuma ndani ya nyuzi. Liache likauke kwenye msumari (huo wa Mama Katoyi), lipige kwa brashi kavu, ndipo maji. Na kwa doa lililobaki usilete javeli, haiondoi udongo wa chuma. Ni kama alivyosema Bibi juu ya kutu, ni ndugu.

#9 Mama wa Katoyi

Dada, mchanga wetu unaanguka, ni kweli, ila usipoukung'uta kabla ya maji unasaga nguo kama msasa. Mawe ya volkano hayana adabu. Magoti ya suruali za wanangu yanatoboka kwa kufuliwa kuliko kwa kuchezea. Sasa kitunga cha tatu kabla hakijaingia kwenye maji kinakung'utwa chote nje ya uzio, kwa kufuata upepo. Mara ya kwanza nilikung'uta upande wa jirani. Sitaeleza zaidi.

#10 Baba Kijana

Samahani wamama, swali. Hii ya nguo za ndani ambayo Mama aliuliza mwanzo, mbona mnairuka?

#11 Bibi wa Himbi

Hatuiruki mwanangu, tulikuwa tunangoja mwanamume aiulize. Nguo ya ndani haina kitunga. Kila mtu mwenye akili anaifua mwenyewe jioni anapooga, anaianika mahali pake, asubuhi ameimaliza. Haiendi kwa msichana wa kazi, haiendi kwa mdogo wako, haiendi kwa mke wako kama una mikono. Nilivyolelewa, mtoto akifika miaka saba anaanza.

#12 Baba Kijana

Hata mwanamume?

#13 Bibi wa Himbi

Wewe unaoga na nani?

#14 Mama wa Katoyi

Nimecheka mpaka mama mkwe ameuliza kuna nini. Nikamsomea. Hakucheka.

Maana hapo ndipo vita vya nyumba yangu vilipo. Nina wavulana wawili, wa miaka 13 na 10. Nilipowaambia wafue zao za ndani na soksi, mama mkwe aliondoka uani. Kwake kijana anachunga ng'ombe, hashiki basini. Sikubishana naye. Nilimwambia tu, mama, huku hakuna ng'ombe.

Ila nina swali moja la kweli kwa Bibi. Kwenye mvua hazikauki usiku, na binti zangu wanaona haya kuzitundika nje, wanazificha chini ya kanga, au nyuma ya godoro. Zinanuka, na mmoja alipata muwasho.

#15 Muuguzi wa Zamani

Naingia hapo, mama. Muwasho huo wa wasichana wetu mara nyingi unatokana na nguo iliyofichwa mbichi. Ukungu na wadudu wanapenda giza lenye unyevu. Hata vitambaa vya hedhi ni vilevile: maji baridi kwanza, kamwe si moto, moto unaipika damu ndani ya nyuzi. Halafu sabuni, halafu JUA. Kama ni haya, tundika uzi ndani kwa ndani, utandike kitambaa chepesi cha pamba juu yake, hewa na jua vipite, macho yasipite. Siku ya mvua pitisha pasi ya makala (makaa) mpaka ikauke kabisa.

Nepi za mtoto: kinyesi kinatupwa chooni, nepi inasuuzwa palepale, inakaa katika ndoo yake yenye kifuniko, na haingoji Jumamosi. Na hapa naomba msome polepole. Nepi iliyolala na mkojo usiimwagie javeli. Mkojo uliolala unatoa amonia, ndiyo ile harufu inayochoma pua, na javeli ikiikuta inatoa gesi inayounguza macho na kifua. Nimeona mama amekohoa usiku kucha kwa sababu ya ndoo ya nepi iliyofungiwa katika chumba kidogo. Suuza kwanza, mara mbili, ndipo javeli kama lazima, na mlango wazi.

La mwisho. Tunaishi mji wa kipindupindu, nani hajui. Waliokuwepo mwezi wa saba wa 1994 hawatausahau. Nguo na shuka za mtu anayehara maji haziingii katika kitunga chochote, hazipiti katikati ya nyumba, hazikung'utwi. Zinaingia moja kwa moja katika ndoo yenye maji ya klorini au zinachemshwa, na maji yake yanamwagwa chooni, si mtaroni, na kamwe si ziwani. Foleni ya maji ya Mama Katoyi ni nzuri kwa siku za afya. Siku ya ugonjwa foleni inavunjwa.

#16 Mama wa Katoyi

Muuguzi, asante. Ndoo ya kifuniko nilikuwa nayo, naitumia kuwekea unga. Tutanunua nyingine ya unga.

#17 Mwana wa Lubum

Sawa, nimekubali kidogo. Lakini Mama, hayo yote kwa nguo? Unajisumbua. Gunia moja, siku moja, mnafua, mnasahau.

#18 Mama wa Katoyi

Mwana wa Lubum, nikuambie kwa nini gunia moja linalofanana na magunia mengine halitarudi nyumbani kwangu.

Nyiragongo ililipuka Jumamosi usiku, tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Siku ya kufua. Nguo zilikuwa safi, zimekunjwa, tuko macho usiku mzima tunaangalia mbingu nyekundu. Lava haikutufikia. Siku zilizofuata ardhi ilitikisika, kuta zikapasuka kwa watu, na lava ilikuwa imekata mabomba, nusu ya mji haina maji. Nani atafua? Nguo chafu zikajaa katika ule mfuko wa mistari. Na za safi nilikuwa nimezipanga katika mfuko wa pili, wa mistari pia, pacha wake, nikauweka mlangoni tayari kwa safari.

Alhamisi alfajiri, tarehe 27, wakatangaza mitaa kumi ihame. Kila mtu anajua ile asubuhi. Mimi nimebeba wa mwisho mgongoni na karatasi za shule kifuani, baba watoto amebeba mfuko kichwani. Tulitembea kwenda Sake, kilomita zaidi ya ishirini, msururu wa watu mpaka macho yanapokoma. Tulifika usiku, shuleni, watu wamelala madawatini. Nikafungua zipu nimbadilishe mtoto.

Nguo chafu. Zote. Siku tano za jasho na uji, na juu kabisa matambara ya jikoni yenye mawese. Mfuko safi ulibaki Katoyi peke yake, umekunjwa vizuri.

Baba watoto aliuangalia ule mfuko muda mrefu, halafu akasema, "Angalau wezi hawatautaka." Tulikaa Sake zaidi ya wiki na hizo nguo. Leo tunacheka. Siku ile nililia, na sikulia kwa ajili ya volkano.

Kwa hiyo hapana. Chafu kwangu zinakaa katika kitu chenye matundu, kinachoning'inia, ambacho hata gizani, hata na hofu, mkono hauwezi kukosea. Safi za safari ziko kwenye begi la mgongoni.

#19 Mwana wa Lubum

Nimenyamaza, mama. Pole sana.

#20 Motari wa Ndosho

Mimi nilikuwa kwenye barabara ile ile, na pikipiki haina mafuta, naisukuma. Pengine tulipishana.

Mama, hujajibiwa swali la oili, na mimi pia nalingoja.

#21 Mwanafunzi wa Kemia

Oili ya injini: usianze na maji. Maji yakitangulia yanaipunguza sabuni nguvu kabla haijafika kwenye mafuta. Nguo ikiwa kavu, paka sabuni ya kuoshea vyombo au kipande kilicholoweshwa kidogo tu, sugua kwa mswaki wa zamani, iache nusu saa, ndipo maji, ya uvuguvugu kama makala yapo. Petroli ambayo wamotari wanatumia iacheni. Mvuke wake unabaki kwenye nyuzi, nguo inaanikwa karibu na jiko, na hapo tunazungumza jambo jingine kabisa.

Na ya kazini isikae na za watoto. Msumari wake peke yake, nje. Oili inahama kama rangi ya kikwembe.

#22 Bibi wa Himbi

Matambara ya jikoni yenye mawese nayo yatengwe. Hayo yakilala kitungani panya anakuja na familia. Mawese: sabuni ya kipande juu ya doa kavu, fua, halafu utandaze juani doa likiangalia juu. Rangi ile ya chungwa jua linaila. Doa la sombe (majani ya muhogo) la Jumapili mnaliona Jumanne halipo. Likigoma, rudia.

Utomvu wa ndizi usinipigie simu. Huo nguo inakuwa ya shamba.

#23 Dada wa Kadutu

Na vikwembe vipya? Mama mkwe wa Katoyi tumemsahau na chekundu chake.

#24 Bibi wa Himbi

Chumvi! Chumvi kiganja kimoja, maji baridi, usiku kucha.

#25 Mwanafunzi wa Kemia

Bibi, kwa heshima yote, hapo sikubali. Rangi za viwandani za siku hizi chumvi haizishiki baada ya kitambaa kutoka kiwandani. Inayotoka ni rangi iliyozidi, haikupata mahali pa kukaa, na dawa yake ni kuitoa yote: kukifua peke yake mara tatu nne, mpaka maji yawe meupe. Kupima ni rahisi. Lowesha kona, ikandamize kwa kitambaa cheupe. Kikipata rangi, hicho kikwembe bado hakina ruhusa ya kuingia kitunga cha pili.

#26 Bibi wa Himbi

Nimetia chumvi miaka arobaini.

#27 Mwanafunzi wa Kemia

Na umesuuza mara ngapi baada ya chumvi, Bibi?

#28 Bibi wa Himbi

Nne.

#29 Mwanafunzi wa Kemia

🙂

#30 Mama wa Katoyi

Narudi baada ya wiki tatu, watu wamenitumia ujumbe wakiuliza imekuwaje.

Bido sita zilikuwa sita, sasa ni tano, kwa sababu nyeupe zinapata sabuni ya unga na hatuzirudii tena. Mashati yanasuuzwa na maji ya mvua. Si meupe kama ya dukani, lakini kola zinajibu. Shati la vidoadoa limekuwa la kuchezea mpira.

Wavulana wanafua soksi. Vibaya, lakini wanafua. Mdogo aligundua kwamba akizitia kwenye maji ya tatu na kuzikanyaga kwa miguu kazi inakwisha haraka, na sasa kila Jumamosi kuna foleni ya kukanyaga.

Habari kubwa ni mama mkwe. Jumanne iliyopita nilikuta kitunga cha nne kwenye boriti. Si kitunga, ni mfuko wa kitambaa, umeshonwa kwa mkono kutokana na kile kikwembe chekundu kilichoharibu shuka. Una mdomo mpana na kamba ya kuvuta. Nikauliza ni wa nini. Akasema ni wa nguo zake, za mtu mzima hazichanganywi na za watoto. Halafu akachukua soksi ya mjukuu wake iliyokuwa chini ya meza, akamtazama, akaielekeza kwa kidevu kwenye utepe mweusi. Mtoto aliruka kama amechomwa.

Sikuthubutu kusema kitu. Nilikwenda kuchemsha chai.

#31 Dada wa Kadutu

Mama, tafadhali muulize amekipima kwanza kwa kitambaa cheupe?

#32 Mama wa Katoyi

Amekifua mara nne. Nilimwona. Na chumvi.

#33 Yaya wa Birere

Ule mfuko alishonea na uzi gani? Yangu inapasuka ku kamba kila mara.

#34 Mama wa Katoyi

Uzi wa nailoni, ule wanaoshonea mdomo wa magunia ya makala. Aliufumua kwenye gunia letu. Makala sasa yako kwenye ndoo ya unga.